Land Cruiser 80 ya 1HZ: imara lakini haina nguvu mlimani. Nibadilishe au nibaki nayo?

Swali – Mfanyabiashara, Njombe

Ndugu zangu, salaam. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuyatumia magari haya wenyewe. Ninamiliki Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na turbo, na gia tano za mkono. Nilinunua kwa mtu aliyelitunza vizuri, na tangu liwe mikononi mwangu halijawahi kuniacha njiani. Linawaka asubuhi za Juni na Julai, wakati baridi ya Njombe inapokuwa kali kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Linabeba mbolea na miche ya parachichi hadi shambani. Na wakati wa masika hupita kwenye tope ambalo magari mengi ya mjini hayathubutu kuligusa. Fundi wangu analifahamu kila kipande, na spea zake hazinisumbui hata nikiwa Makambako.

Shida yangu ni moja tu, nayo ni nguvu. Husafiri mara kwa mara kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 700, nikiwa na familia au mzigo, na wakati mwingine vyote viwili. Kutoka Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni gari huenda bila malalamiko, lakini nikianza kupanda Kitonga hushuka gia ya tatu, kisha ya pili, nikiwa nyuma ya malori yanayoelekea Tunduma, na hata nafasi ya kuyapita inapopatikana, gari halina pumzi ya kunifikisha mbele kwa wakati. Baada ya Iringa hali si mbaya kiasi hicho, ila kila kilima kati ya Mafinga na Makambako hunikumbusha kwamba ninaendesha gari zito lenye injini iliyochoka mapema.

Mume wangu anapendekeza tuliuze tununue Prado 120, kwa sababu ni jepesi zaidi na lina starehe. Kaka yangu anasema tukiamua kubadilisha, tusishuke daraja, bali tutafute Land Cruiser 100 ya dizeli yenye turbo. Fundi mmoja wa hapa anadai kwamba 1HZ ikifungwa turbo tatizo litakuwa limekwisha, na kwamba ni upotevu wa fedha kununua gari jingine. Mimi mwenyewe naogopa kuachana na gari ninaloliamini nikapata lenye nguvu ambalo halikai barabarani. Kwa matumizi yangu, yaani shamba wakati wa wiki na barabara kuu mara kadhaa kwa mwaka, mngefanya nini?

Jibu – Fundi wa injini za dizeli, Mbeya

Dada yangu, kabla ya kuzungumzia gari jingine, naomba kwanza ujue kama nguvu unayoikosa ni ile ambayo injini haikupewa kiwandani, au ni ile iliyopewa ikapotea kwa uchakavu. Ukiuza gari bila kujua jibu, huenda unamuuzia mwenzako gari zuri lenye nozeli mbovu.

Kuhusu nguvu ya kiwandani, 1HZ ni injini ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, inayotoa takriban nguvu za farasi 130 na msokoto wa nyutonimita 280 hivi. Ukubwa huo wa injini ungeweza kutoa zaidi, lakini Toyota waliijenga ifanye kazi kwa utulivu na ivumilie dizeli ya kila aina, na ndiyo sababu magari ya wagonjwa, ya mashirika ya misaada na ya watalii kule Arusha yameitegemea kwa miaka mingi. Sasa ichukue injini hiyo uiweke kwenye gari lenye uzito wa zaidi ya tani 2 kabla hata hujapakia kitu, kisha uipandishe Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupumua hewa iliyopo tu, kwa hiyo zile nguvu 130 hubaki kama 105. Ukipakia familia na mifuko hadi gari lifike tani 2.8, kila tani inavutwa na nguvu za farasi zisizofika 40. Hapo hata injini mpya kabisa ingeomba gia ya pili.

Kuhusu nguvu iliyopotea, kuna mambo ambayo nimeyakuta mara nyingi kwenye magari haya, na yote yanapimika. Angalia moshi unapokanyaga mafuta hadi mwisho ukiwa mlimani. Moshi mweusi mzito maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, bomba la kuingizia hewa limebonyea, au nozeli zinamwaga badala ya kupuliza. Gari likikosa nguvu bila kutoa moshi wowote, mafuta hayafiki ya kutosha: kichujio cha dizeli, uchafu ndani ya tangi, pampu iliyochoka, au jambo dogo kabisa ambalo mafundi wengi hawaliangalii, yaani waya wa pedali ya mafuta uliolegea kiasi kwamba hata ukikanyaga hadi sakafuni, mkono wa pampu haufiki mwisho wake. Hilo la mwisho hupimwa na watu wawili kwa dakika chache bila gharama yoyote: mmoja akanyage, mwingine aangalie pampu.

Kisha pima majira ya pampu, nafasi za valvu, na mgandamizo wa kila silinda. Kwenye mgandamizo usitazame namba moja tu. Tazama kama silinda zote sita zinakaribiana. Baadhi ya pampu za injini hii zina kifaa cha kupunguza mafuta gari linapokuwa kwenye mwinuko ili lisitoe moshi, na kifaa hicho kikikwama, gari linakuwa zito hata likishuka pwani. Kama taa ya taiming belti imewahi kuwaka ikazimwa bila belti kubadilishwa, anza na hiyo, maana ile taa imewekwa kuwaka kila baada ya kilomita 100,000 na si ya kupuuzwa.

Mwisho, tazama ulichokiongeza juu ya gari. Matairi ya 285/75 ni makubwa kwa takriban asilimia 5 kuliko 275/70, na hiyo ni sawa na kurefusha kila gia kwa kiasi hicho hicho. Injini yenye nguvu kubwa hailisikii, 1HZ inalisikia. Keria ya chuma inayokaa juu mwaka mzima, bampa la chuma, breki zinazogusa bila kuachia, vyote hivyo vinakula nguvu ambayo huna ya kugawa. Fanya vipimo hivi kwanza. Gharama yake ni ndogo, na hata ukiamua kuuza, utauza gari lililo kamili.

Jibu – Mmiliki wa Prado, Iringa

Mimi niko upande wa mume wako, lakini kwa masharti. Nilitumia Land Cruiser ya 1HZ kwa muda mrefu kabla ya kununua Prado 120 yenye injini ya dizeli ya 1KD, lita 3.0, turbo na mfumo wa kielektroniki. Tofauti barabarani ni kubwa. Injini ni ndogo kwa zaidi ya lita moja, lakini inatoa nguvu za farasi kama 165 hadi 170, gari lenyewe ni jepesi, na kwa kuwa turbo huisukumia injini hewa, mwinuko wa Iringa hauinyimi pumzi kama ule uliokuwa ukiinyima 1HZ. Kitonga naipanda nikiwa nachagua mwendo mwenyewe, na dizeli ninayotumia ni kidogo kuliko ya zamani.

Sharti la kwanza ni kwamba uhakikishe unanunua injini hiyo na si nyingine. Prado 120 nyingi zinazotoka Japani zina injini ya petroli ya lita 2.7. Ni injini imara sana, lakini msokoto wake ni chini ya nyutonimita 250, na kwenye mlima wenye mzigo utajikuta umebadilisha shida ya dizeli kwa shida ya petroli, tena ukinunua mafuta mengi zaidi. Kuna pia V6 ya petroli ya lita 4.0, ambayo nguvu inazo tele, na unywaji wake unalingana na nguvu hizo.

Sharti la pili ni dizeli safi. Injekta za 1KD hufanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000, na matundu yake ni membamba kiasi kwamba maji kidogo au vumbi kwenye tangi la akiba la shambani vinaweza kukugharimu seti nzima. 1HZ ilisamehe mambo hayo, hii haisamehi. Kama una desturi ya kuhifadhi dizeli kwenye mapipa kwa ajili ya mashine za shamba, usiimimine kwenye Prado. Kwenye 1KD kuna pia jambo linalofahamika sana la vizibo vya shaba vilivyo chini ya injekta: vikivuja, gesi ya moto huingia kwenye oili, masizi huganda, na chujio la kufyonzea oili chini ya injini huanza kuziba. Mwenye gari anayebadilisha vizibo hivyo kwa wakati hapati tabu. Asiyejua kwamba vipo huua injini nzima kwa kitu kidogo. Kwa hiyo ukienda kukagua, nenda na fundi mwenye mashine ya kusoma vipimo vya kila injekta, gari likiwa la baridi, na usikubali kukuta muuzaji ameshaliwasha kabla hujafika.

Kwa matumizi ya mjini na barabara kuu ningekuambia nunua leo. Kwa matumizi yako ya shamba ninasita, kwa sababu Prado inabeba abiria vizuri kuliko inavyobeba mbolea.

Jibu – Mkulima, Eldoret, Kenya

Ndugu yetu wa Njombe, hali yako ninaielewa, kwani sisi tunaishi kwenye mwinuko unaofanana na wenu, na barabara ya kwenda Nakuru inapitia Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Huku kwetu uamuzi ni mgumu zaidi, kwa sababu sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na hivyo magari haya ya zamani tunayapata tu miongoni mwa yaliyokwisha kuingia nchini. Ndiyo sababu wengi wetu tuliamua kuyatunza na kuyaongezea turbo.

Turbo kwenye 1HZ inawezekana, na ikifanywa kwa adabu inabadilisha gari kabisa. Lakini fundi wako akisema kwamba “tatizo litakuwa limekwisha”, muulize maswali matatu. Ataweka kipimo cha joto la moshi? Shinikizo litakuwa kiasi gani? Na nani atarekebisha pampu baada ya turbo kufungwa? Injini hii ina mgandamizo wa 22.4 kwa 1, wakati zile ndugu zake zilizozaliwa na turbo, kama 1HD-T na 1HD-FT, zina 18.6 kwa 1. Tena 1HZ huchoma mafuta kwanza kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya silinda hedi, na joto hujikusanya hapo. Ukiongeza shinikizo na mafuta bila kipimo, utafurahia nguvu kwa msimu mmoja kisha utapasua hedi au kuyeyusha pistoni kwenye mlima ule ule uliokusudia kuushinda.

Yangu imewekewa shinikizo lisilozidi nusu baa, kipoza hewa, bomba pana la moshi, rejeta iliyosafishwa upya, na kipimo cha joto kabla ya turbo, na sikanyagi kupita nyuzi 650. Klachi ya awali haikudumu baada ya hapo, na hilo liingize kwenye hesabu yako. Jumla ya gharama, ukiifanya kwa vifaa vya kuaminika, si ndogo. Ninaipendekeza tu kwa mtu ambaye injini yake imepimwa na kuonekana ina mgandamizo mzuri, kwa sababu turbo haifufui injini iliyochoka, bali huimalizia.

Jibu – Dereva wa safari ndefu, Dodoma

Ningependa kuzungumzia usalama, kwa sababu naona tunazungumza nguvu kana kwamba ni starehe. Fikirieni gari linalolipita semi-trela. Likihitaji sekunde 15 kukamilisha, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa litakuwa limetembea takriban mita 330, na basi linalokuja mbele kwa mwendo huo huo nalo litakuwa limetembea mita 330. Maana yake dereva anahitaji kuona barabara tupu ya zaidi ya mita 660. Gari lenye nguvu likimaliza kwa sekunde 10, mita 450 zinatosha. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 200 kwenye barabara ya Iringa, yenye kona na vilima, ni tofauti ya nafasi nyingi ambazo dereva mmoja anaweza kuzitumia na mwingine hawezi.

Hata hivyo, nimeyaona magari yenye nguvu nyingi yakiwa yamelala korongoni Kitonga, na sijaona lolote lililoanguka kwa sababu lilisubiri nyuma ya lori. Kwa hiyo swali langu kwako, mama, ni hili: unaposema gari halina pumzi ya kupita, unasubiri nafasi nyingine, au unajaribu hivyo hivyo? Kama unasubiri, unachokipoteza ni muda, nao ni muda mdogo ukilinganisha na safari ya siku nzima. Kama kuna dereva mwingine katika familia ambaye hasubiri, basi badilisha gari haraka, au umbadilishe dereva. Na kama unabadilisha, angalia pia breki za ABS na mifuko ya hewa, kwa sababu Land Cruiser 80 nyingi za daraja la GX hazina hata kimoja, na hilo kwa mtu anayebeba watoto lina uzito kuliko farasi 70 za ziada.

Jibu – Wakala wa forodha, Dar es Salaam

Naongezea upande wa fedha, kwa ufupi. Ukiagiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 na injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 2,000, utalipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, ushuru wa uchakavu asilimia 30, na VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa na wa uchakavu hukokotolewa juu ya thamani pamoja na forodha, kisha VAT juu ya jumla ya vyote hivyo. Chukua gari ambalo TRA wamelithaminisha kwa shilingi milioni 10 hadi bandarini. Forodha ni milioni 2.5, na jumla inakuwa 12.5. Ushuru wa bidhaa hapo ni milioni 1.25, wa uchakavu milioni 3.75, na VAT juu ya milioni 17.5 ni milioni 3.15. Umelipa milioni 10.65 kabla ya tozo ndogo ndogo na gharama za bandari, yaani kodi imeizidi thamani ya gari lenyewe. Kumbuka pia kwamba TRA hutumia viwango vyao vya thamani na si lazima wakubali bei iliyoandikwa kwenye ankara yako. Tumia kikokotoo chao cha mtandaoni kabla hujatuma fedha Japani.

Kwa magari ya aina hii, kununua lililo nchini tayari, lenye kadi safi na historia inayojulikana, mara nyingi kuna maana zaidi. Na kama mtu atakushawishi ubadilishe injini badala ya gari, namba ya injini imo kwenye kadi ya usajili, kwa hiyo mabadiliko hayo lazima yafike TRA, la sivyo utakwama siku ya kuuza au siku ya kudai bima.

Muuliza swali

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimelipeleka gari kwa fundi na orodha ya Mbeya mkononi. Waya wa pedali ulikuwa umelegea kweli, na mkono wa pampu haukuwa ukifika mwisho. Nozeli mbili zilikuwa zikimwaga, zikabadilishwa zote sita kwa pamoja. Mgandamizo wa silinda unakaribiana vizuri, jambo lililonifurahisha kuliko yote. Keria nimeishusha; nitaipandisha ninapoihitaji.

Gari limekuwa jepesi kwa namna ambayo hata watoto wameitambua, na vilima vya Mafinga sasa navipanda kwa gia ya nne. Kitonga bado ni gia ya tatu nikiwa na mzigo, na baada ya hesabu ya farasi 105 nimeelewa kwamba hapo gari halina kosa. Kwa ndugu wa Dodoma: mimi husubiri, ila mdogo wangu anayeniendeshea wakati mwingine hasubiri, na nimemwonyesha hesabu yako.

Uamuzi wetu ni huu. Turbo sitaweka, kwa sababu sina fundi ninayemwamini wa kurekebisha pampu baada yake. Prado tumeiacha, kwa sababu shamba linahitaji gari la kubebea mzigo na dizeli yetu ya mapipa ndiyo ile ile mliyonionya. Gari la 80 linabaki shambani, na baada ya mavuno ya parachichi tutatafuta Land Cruiser 100 iliyo nchini tayari kwa ajili ya barabara kuu, tukipata iliyotunzwa. Tusipoipata, tutaendelea na hili hili bila haraka. Naomba tu fundi wa Mbeya aniambie cha kutazama kwenye hiyo 100.

Jibu – Fundi wa injini za dizeli, Mbeya

Hongera, dada. La kwanza, fungua boneti usome kibati. Si kila gari lenye umbo la 100 lina turbo: likiandikwa HZJ105, injini yake ni 1HZ ile ile unayoimiliki, na ekseli ya mbele ni nzima kama ya 80. Unayoitaka imeandikwa HDJ100 au HDJ101, yenye injini ya 1HD-FTE ya valvu 24, inayotoa takriban nguvu za farasi 200 na msokoto wa nyutonimita 430. Madalali wengi huziita zote “VX”, kwa hiyo usitegemee jina wala nembo iliyobandikwa nyuma.

Injini hiyo haina mfumo wa shinikizo kubwa kama wa Prado. Ina pampu inayodhibitiwa kielektroniki, na pampu hiyo ndiyo kitu cha ghali zaidi juu yake. Ikague kwa makini kama inavuja, na gari liwake likiwa limelala baridi usiku kucha. Uliza risiti ya taiming belti. Kama lina springi za maji zinazopandisha na kushusha gari, lipandishe na kulishusha mbele ya macho yako, kisha uliendeshe kwenye barabara mbovu. Likidundadunda kama ubao, mitungi yake ya gesi imekwisha, na gharama ya kuibadilisha uitoe kwenye bei. Chini, tazama kutu kwenye chesisi, hasa kama gari liliishi karibu na bahari. Ukipata unalolipenda, nitumie picha ya kibati na ya upande wa pampu kabla hujalipa chochote.